Kumpandisha mtu mwenye ulemavu chomboni na kumkabidhi demani: mwongozo wa hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale kila msimu. Mama ana kijana anayetumia kiti cha magurudumu, anauliza kama mashua itamfaa. Nahodha ameombwa kumchukua mgeni asiyeona, hajui amkalishe wapi. Mwalimu ana wanafunzi viziwi wanaotaka kujifunza tanga, naye anadhani lazima kwanza zipatikane pesa za kuagiza chombo maalumu kutoka ng'ambo. Nimeyajibu hayo mara nyingi kwa mdomo, nimesimama mchangani na watu wananisubiri, na kila mara nasahau jambo moja la maana. Leo nayaandika yote pamoja.

Kama bado unajiuliza iwapo inawezekana, Mwingereza Hilary Lister alikuwa amepooza kuanzia shingoni kwenda chini. Mwaka 2005 alivuka peke yake mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, na mwaka 2009 akaizunguka Uingereza kwa tanga, akiongoza chombo kwa kuvuta na kupuliza pumzi kwenye mirija. Tanga lilikuwa mchezo wa medali katika Paralimpiki tangu Sydney 2000 hadi Rio 2016. Liliondolewa kuanzia Tokyo, na mimi nahesabu hiyo ni hasara kubwa, maana michezo inayowaweka anayetembea na asiyetembea kwenye chombo kimoja, kwa kazi moja, ni michache sana.

Lakini mwalimu wangu hasa ni dada yangu. Aliugua polio utotoni, miguu yake haina nguvu. Siku ya kwanza tuliyomchukua baharini tulimbeba kwa kumshika makwapani, tukamweka katikati ya mashua juu ya magunia ya mchanga, tukamwambia asisogee. Tulirudi salama. Jioni akaniambia, "Mmenipeleka kama farumi." Farumi, kwa asiyejua, ni ule uzito unaowekwa chini ya chombo ili kisiyumbe: mchanga, mawe, chochote kizito. Bega lilimuuma wiki nzima. Mimi neno lile linaniuma mpaka leo, na kila hatua utakayoisoma hapa imetokana nalo: mtu apande bila kuumizwa, na akishapanda awe na demani mkononi, ile kamba ya kuvutia na kulegezea tanga.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mashua yenye ukingo wa chini, urefu wa mita 6 hadi 8, na tanga dogo. Lile kubwa la mashindano liacheni nyumbani.
- Nahodha anayeijua mashua hiyo na maji hayo, na mabaharia wawili. Watu wengine wawili au watatu wa kubeba wabaki pwani, wasiondoke mpaka mrudi.
- Jaketi okozi kwa kila mtu, nahodha akiwemo, na filimbi moja kwa kila jaketi.
- Turubai zito, mita 2 kwa mita 1.2 hivi, lililoshonewa mishikio sita ya mkanda wa nailoni, mitatu kila upande. Kushona huku mpelekee fundi wa mahema au wa viti vya magari. Cherehani ya nguo haitoshi.
- Ubao wa kuhamia: urefu sentimita 90, upana 30, unene 2, umepigwa msasa mpaka mkono uteleze, kingo zimeviringwa.
- Plaiwudi moja ya milimita 18, iliyokatwa vipande vitatu sawa. Ni ya kupita mchangani.
- Kiti cha plastiki chenye mgongo, kilichokatwa miguu yote.
- Godoro la sponji la unene wa sentimita 8 au 10, limefunikwa kitu kisichopitisha maji.
- Kapi mbili (vigurudumu vya kupitishia kamba), kamba, na mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa vipande virefu.
- Maji ya kunywa, kofia, kanga mbili, na simu ndani ya mfuko usiopitisha maji.
- Chombo cha pili chenye injini, kiwe karibu. Hiki msikiache kwa sababu ya bei ya mafuta. Kama mafuta hayapo, ahirisheni.

Hatua ya 1: Kaa naye, muulize yeye mwenyewe

Muulize mhusika, usimuulize mama yake wala aliyemsukuma kiti. Watu wawili wenye kiti cha aina moja wanaweza kuwa na miili tofauti kabisa. Aliyeugua polio miguu haina nguvu lakini anahisi: jua likimchoma atajua, msumari ukimchubua atajua. Aliyevunjika uti wa mgongo huenda hahisi chochote kuanzia mahali pa jeraha kwenda chini, na ubao uliopigwa na jua la saa sita unaweza kumbabua asijue mpaka usiku anapovuliwa nguo.

Uliza mambo haya, na uyaandike: Unahisi wapi na huhisi wapi? Unaweza kukaa bila kuegemea? Mikono ina nguvu kiasi gani, na vidole vinafunga? Una kifafa? Unatumia mpira wa mkojo? Ni nani ungependa akubebe?

Hilo la mwisho, kwetu pwani, ndilo watu wanaloliruka, na ndilo linalowafanya wanawake wengi wakatae kabla hata hawajaulizwa. Mwanamke hataki kushikwashikwa na mabaharia asiowajua mbele ya watu. Mwambie mapema kwamba kuna turubai, kwamba wanaobeba wanashika mishikio na hakuna mkono utakaogusa mwili wake, na kwamba dada zake wanaweza kushika upande wa kichwani. Nimeona uso wa mtu ukibadilika kwa kusikia hilo tu.

Hatua ya 2: Chagua siku kwa kuangalia mwezi

Kosa kubwa la wanaoanza ni kupanga Jumamosi kwa sababu watu wana nafasi, kisha wakakuta ni bamvua, yaani maji makubwa. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani yetu hujaa maji kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa saa nne. Tofauti inafika mita tatu na nusu na zaidi. Asubuhi yenu yote mashua itakuwa imekaa mbali juu ya matope, na hapo hakuna ubao wala turubai litakalowasaidia.

Ngojeni maji mafu, siku moja mbili baada ya mwezi kuwa nusu. Siku hizo maji hujaa kati ya saa nne na saa sita mchana, na tofauti ni kama mita moja hivi. Maji yako karibu, yametulia, na saa ni nzuri.

Hesabu moja ya kichwani itawasaidia gatini. Gawa tofauti ya maji mafungu 12. Katika saa sita za kujaa, maji hupanda fungu 1, kisha 2, 3, 3, 2, na mwisho 1. Bamvua la mita 3.6 maana yake saa ya tatu na ya nne maji yanapanda sentimita 90 kila saa, yaani sentimita 15 kila dakika 10. Mtu bado yuko kwenye ubao na mashua imeshapanda juu ya gati. Saa ya mwisho yanapanda sentimita 30 tu. Maji mafu ya mita 1.2, saa hiyo ya mwisho ni sentimita 10. Kwa hiyo pandeni katika saa ya mwisho ya kujaa na mshuke katika saa ya kwanza ya kupwa. Safari yenu ya kwanza ina takriban saa moja na nusu katikati, nayo inatosha.

Upepo nao. Kusi la Juni na Julai si la kujifunzia. Tangambili ndiyo miezi yenu: Machi, au Oktoba na Novemba. Na safari ya kwanza iwe ndani ya mkono wa bahari au ghuba, kama Kilifi, Mtwapa au Tanga, mahali ambapo wimbi la nje halifiki.

Hatua ya 3: Chagua chombo

Mashua ndiyo bora. Ina upana wa kuweka kiti, na ukingo wake hauko juu sana. Jahazi limetulia zaidi lakini kulipanda ni kupanda ukuta. Ngalawa watu huisifu kwa sababu mirengu, zile mbao za pembeni zinazoelea, inaizuia isipinduke, na ni kweli, ila tumbo lake ni jembamba mno: mtu asiyeweza kukunja magoti hatoshei, na mwenye makalio yasiyohisi atachubuliwa na mbao za pembeni. Ngalawa nampa kipofu, kiziwi, au aliyekatika mkono. Anayetumia kiti cha magurudumu nampa mashua.

Baadhi ya vilabu vya mashua vina vyombo vilivyobuniwa kwa kazi hii. Kinachojulikana sana ni Hansa 303 cha Australia, urefu wa mita 3.03. Watu wawili hukaa chini kabisa wakitazama mbele, wanaongoza kwa kijiti kilicho katikati yao, na mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, una uzito. Ukikipata kitumie, ni chombo kizuri sana. Usipokipata usikae ukikisubiri.

Hatua ya 4: Tengeneza kiti na vishikio

Kiti cha plastiki kilichokatwa miguu kifungeni sakafuni mwa mashua, karibu na tezi, yaani nyuma ya chombo, mahali ambapo mkono wa mtu unafika kwenye kana, ule mpini wa usukani. Kifungwe pembe zote nne mpaka ukikisukuma kwa mguu hakiendi. Juu yake wekeni godoro. Kiti cha chini kina faida mbili: chombo kinakuwa kizito chini, na kichwa cha mtu kinakaa mbali na foromali, ule mti unaobeba tanga.

Onyo, na hili nalisema kwa herufi nzito: kiti kifungwe kwenye mashua, mtu asifungwe kwenye kiti. Mashua ikipinduka, aliyefungwa anazama nayo. Akiwa hawezi kukaa bila kushikiliwa, mzungusheni mito pande mbili, au baharia mmoja akae nyuma yake ampe mgongo. Mkanda, kama hauepukiki kabisa, uwe wa nata unaoachia kwa kuvutwa mara moja, na yeye mwenyewe awe ameuvuta mara kumi mkiwa nchi kavu.

Kwa sababu hiyo hiyo hakuna mtu wa kukaa juu ya kiti chake cha magurudumu ndani ya mashua. Kiti kibaki pwani, kivulini, chini ya macho ya mtu.

Sasa vishikio. Mtu mwenye mkono dhaifu akivuta demani peke yake anachoka baada ya dakika tano. Pitisheni demani kwenye kapi mbili, moja kwenye tanga na nyingine chomboni, ili nguvu anayohitaji ipungue nusu. Atavuta kamba ndefu mara mbili, lakini ataivuta. Kana ikiwa fupi, ifungeni kijiti cha kuirefusha. Ambaye hawezi kugeuka upande, mfungieni kamba mbili kwenye kana, moja kila upande, zipite kwenye vipete vya pembeni zimjie mbele: akivuta ya kulia kana inakwenda kulia, omo, yaani mbele ya chombo, linakwenda kushoto, na baada ya robo saa mkono umezoea. Vidole visivyofunga vinashika vizuri penye mpira wa baiskeli uliozungushwa, maana hautelezi hata ukiwa na maji.

Mkono usifungwe kwenye kana. Demani nayo isifungwe fundo, izungushwe mara moja kwenye kigingi ili iachie papo hapo.

Hatua ya 5: Jaribuni majaketi, na zoezi la kumtoa mtu majini

Hii ifanyeni siku nyingine kabla ya safari, maji yakiwa ya kiunoni, bila mashua ikiwezekana.

Jaketi linalomfaa mwenye miguu yenye nguvu huenda lisimfae aliyepooza. Miguu isiyo na misuli huelea, na ikipanda juu inaweza kumgeuza mtu kifudifudi. Mvalisheni, watu wawili wawe naye, wamwachie polepole, muone anaelea vipi. Akigeuka uso chini, jaribuni jaketi lenye kola nene na sponji nene zaidi kifuani, mpaka lipatikane linalomlaza chali. Mwenye mguu wa bandia ajaribiwe akiwa nao na akiwa ameuvua, maana mingine ina uwazi ndani na huvuta mguu juu. Mwenye kifafa naye lazima awe na jaketi linalomgeuza chali lenyewe.

Kisha zoezi. Kumvuta mtu aliyepooza ndani ya mashua kwa mikono mitupu, kwa kumbururuza juu ya ukingo, kunavunja mbavu na kuchuna ngozi. Fanyeni hivi. Upande mmoja wa turubai ufungeni kwenye ukingo wa mashua. Upande wa pili uzamisheni majini kama mfuko. Mtu aingizwe ndani ya mfuko huo, amelala sambamba na mashua. Mabaharia wawili wavute ule upande uliozama: turubai linapopanda, mtu anaviringika mpaka anaingia. Fanyeni mara tatu na baharia mzima kwanza, kisha na mhusika akikubali. Msiondoke mpaka muweze kulifanya hili bila kuulizana.

Hatua ya 6: Vuka mchanga

Magurudumu madogo ya mbele yanazama. Ukisukuma kwa nguvu, kiti kinasimama na mtu anaruka mbele. Geuza kiti, kivute kinyumenyume huku kimeinama kidogo, magurudumu makubwa yakitangulia. Mchanga ukiwa mlaini, tandika vipande viwili vya plaiwudi, kiti kikiwa juu ya cha pili, cha kwanza kiwe kimeshahamishiwa mbele. Kipande cha tatu ni cha kupumzikia na cha kugeuzia. Majamvi na makuti yanafaa mahali pafupi, lakini yakilowa yanateleza.

Hatua ya 7: Pandeni

Hapa ndipo safari inapoharibika au inapopata baraka. Msiwe na haraka. Mwenye mwili ndiye anayehesabu: "moja, mbili, tatu" iwe yake, na akisema "ngoja" wote wasimame, hata kama wimbi limefika.

*Penye gati.* Subirini maji mpaka ukingo wa mashua uwe sawa na gati, au chini yake kidogo. Fungeni mashua omo na tezi, baharia mmoja aibane kwa mwili. Ubao uwekwe kutoka kwenye kiti cha magurudumu, breki zikiwa zimefungwa, mpaka kwenye ubao wa kukalia wa mashua. Ahamie mwenyewe kwa mikono, kidogo kidogo. Kazi ya wengine ni kuziangalia nyayo zisinaswe na kuwa tayari mbele yake. Mwenye mikono imara hahitaji zaidi ya hapo.

*Penye mchanga.* Mashua iletwe mpaka maji ya magotini, tezi ikielekea pwani. Mtu akiwa bado kwenye kiti chake nchi kavu, turubai lipitishwe chini yake kwa kumwegemeza upande mmoja, kisha wa pili. Watu wanne hadi sita washike mishikio, wawili wenye nguvu zaidi wakiwa upande wa kichwa na kiwiliwili, maana huko ndiko kwenye uzito. Watembee hatua fupi. Wafike ukingoni, wawili walio chomboni wapokee upande wa kichwa kwanza, wa majini wasukume. Mshusheni juu ya godoro, turubai libaki chini yake. Mtalihitaji wakati wa kushuka, na mtalihitaji zaidi mkipata dharura.

Onyo: msimshike makwapani wala msimvute mikono. Bega la anayetumia kiti ndilo mguu wake. Ukiliteguza, umemlaza kitandani.

Hatua ya 8: Mpe kazi

Kabla hamjatweka tanga, sema kwa sauti kila mtu anafanya nini. Yeye awe na kazi yenye jina: demani ni yako, au usukani ni wako.

Asiyetembea lakini ana mikono, mpe usukani tangu siku ya kwanza. Nahodha akae karibu, mikono magotini, asiingilie isipokuwa kuna hatari ya kweli. Hili ni gumu kwa manahodha wetu wazee. Waelezeni mapema, kwa heshima.

Asiyeona mpe demani. Funga fundo moja mahali ambapo tanga linakaza vizuri na mafundo mawili mahali linapokuwa limeachiwa, atayasoma kwa vidole. Mfundishe kuusikia upepo kwenye shavu: ukihama kutoka shavuni kwenda sikioni, chombo kimegeuka. Sauti ya tanga linalopiga ataijua kabla yenu. Wengi wao baada ya safari mbili hushika usukani kwa shavu tu, na mstari wao unakuwa mnyofu kuliko wa mtu anayetazama ovyo ovyo. Kabla ya kung'oa nanga mpitishe mashua nzima kwa mkono, kutoka omo hadi tezi.

Kiziwi akae anapomwona nahodha uso kwa uso. Kubalianeni ishara sita mkiwa pwani: vuta, achia, geuza, shusha tanga, inama, simama. Akiwa amegeuka, gonga mbao mara mbili kwa mguu. Atausikia mtikisiko kwa mwili wake.

Mwenye ualbino anahitaji mikono mirefu, kofia pana, miwani ya jua, na losheni iliyopakwa nusu saa kabla ya kutoka na kurudiwa kila saa mbili. Bahari inarudisha jua kutoka chini, kwa hiyo kidevu na chini ya pua navyo vipakwe. Huko Moshi hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili yao hasa. Na kwa kuwa wengi wao hawaoni mbali, wape kazi ya karibu.

Mwenye ulemavu wa akili mpe kazi moja inayojirudia, na mtu mmoja wa kumsikiliza. Watu watano wakimwelekeza kwa wakati mmoja ataacha yote.

Hatua ya 9: Endesheni

Kaeni upande wa goshini, unakotoka upepo. Mashua ikilala kidogo, mtu asiyeweza kujizuia huteleza kwenda demanini, unakoelekea upepo, kwa hiyo msibane sana upepo: legezeni demani, chombo kisimame wima. Polepole si aibu.

Hatari kubwa ya tanga letu ni foromali wakati wa kugeuza. Mtu mwenye miguu ataruka pembeni. Huyu hawezi. Kwa hiyo safari ya kwanza msigeuze tanga upepo ukiwa nyuma. Shusheni, geuzeni chombo, twekeni upya. Na kila foromali inaposhuka baharia mmoja asimame kati yake na aliyekaa.

Kila dakika 15 hadi 20, mkumbushe asiyehisi makalio ajiinue kwa mikono au aegemee kushoto na kulia. Kidonda cha kukalia huanza ndani ya muda mfupi na hupona kwa miezi.

Hatua ya 10: Kurudi

Rudini maji yakiwa bado yamejaa. Kushuka ni kupanda kwa kinyume, ila sasa wote mmechoka, na wabebaji ndipo hapo wanapoteleza. Mkishafika, kiti cha magurudumu kioshwe kwa maji baridi ya bomba na kutiwa mafuta, na mguu wa bandia vilevile, chumvi isikae usiku kucha. Nguo zenye maji zivuliwe upesi, ngozi ikaguliwe, hasa makalio, visigino na nyonga.

Ikitokea hitilafu

*Kichwa kinamgonga ghafla, uso mwekundu, anatoka jasho kuanzia mahali pa jeraha kwenda juu.* Hii ni kwa aliyeumia uti wa mgongo sehemu za juu, shingoni au kifuani. Shinikizo la damu limepanda na linaweza kuua. Mkalisheni wima, msimlaze. Legezeni jaketi, mkanda na viatu. Angalieni mpira wa mkojo kama umekunjwa au umekaliwa, maana mara nyingi chanzo ni kibofu kilichojaa. Itisheni chombo cha injini na mwende hospitali hata akijisikia nafuu.

*Amekuwa moto na hatoki jasho.* Majeraha hayo hayo ya juu huuzuia mwili kujipoza. Kivuli, kanga iliyoloweshwa shingoni na kichwani, maji ya kunywa. Rudini.

*Amepata kifafa.* Shusheni tanga. Mlazeni ubavu, mto chini ya kichwa, msimtie kitu mdomoni, msimbane. Kikizidi dakika tano, injini na hospitali.

*Anatapika.* Mpeni usukani, atazame mbali. Kwa wengi hutosha. Asiyeona, mwambieni wimbi linapokuja.

*Mikono inateleza kwenye kana.* Ongezeni mpira, au glovu za bustani zenye nundu.

*Anaanguka upande mmoja.* Godoro limelowa au kiti kimelegea. Shusheni tanga, fungeni upya, msiendelee kwa kumshikilia kwa mkono.

*Maji yamewaacha, mashua imepwelewa.* Kaeni hapo hapo. Kumbeba mtu kupita matope na mawe ni kutafuta mfupa uvunjike. Tengenezeni kivuli kwa tanga, muwe na maji ya kunywa, na ngojeni maji yapande tena. Ndiyo maana tulisema maji mafu.

*Mkojo.* Wote waende haja kabla ya kutoka. Ikibidi baharini, chupa yenye mdomo mpana kwa mwanamume, beseni dogo kwa mwanamke, na zile kanga mbili zishikwe na jamaa zake kama pazia, mabaharia wakitazama omo. Mwelezeni mapema kwamba vipo, ili asije akajinyima maji ya kunywa tangu jana yake. Dada yangu alifanya hivyo safari ya kwanza, asinieleze. Nilijua miaka miwili baadaye, siku alipokuwa ameshika usukani, akaniomba chupa ya maji, akanywa yote.